Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Katika mwaka wa jubilei watu wa dayosisi huhesabu miaka, na majengo, na majina ya wale waliovuka bahari kutuletea Neno. Ni vema wakumbukwe. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi tumeona kwamba wasomaji wetu, hasa walimu wa shule na wa mitaa, wamesikia kwa uchache sana habari za Waafrika waliotoka kwao wakaenda nchi ya kigeni kulitazama kanisa changa, wakakaa nalo mpaka likaweza kusimama. Kwa hiyo twataka kusimulia maisha ya mmoja wao. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, na kanisa alilolilea liko Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ya Kongo. Wenyeji wa siku hizi huandika Boga.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alizaliwa pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha mwanamume aliyetangulia kutoka. Mwenziwe huitwa Kato. Hata wazazi wa mapacha hupewa majina ya heshima, baba huitwa Salongo na mama Nalongo. Basi mtoto huyu alikulia katika nchi iliyokuwa ikivutwa huku na huku. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili wa pwani. Mwaka 1877 wakafika Waprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa. Wote walikaa karibu na jumba la Kabaka, kila mmoja akitaka kusikilizwa.

Waswa alipita katika mengi. Alikaa kwanza na watu wa mambo ya uganga, akaona hila zao, akawaacha. Kisha akawa Mwislamu. Mwaka 1888, Kabaka Mwanga alipoondolewa katika kiti chake na vita vya dini vikaanza, kijana huyu naye alikuwa miongoni mwa wenye kushika silaha. Alipata pia kuyasikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyejua kufua chuma na kupiga chapa vitabu, na maneno yake hayakumtoka moyoni. Lakini hakufanya haraka. Alibatizwa mwezi wa Januari mwaka 1895, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akajichagulia jina la Apolo, yule wa Aleksandria ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume.

Jina la pili hakujichagulia; watu ndio waliompa. Alipenda kuvaa koti jekundu la Kizungu, na Waganda, ambao hawana shida ya kumtungia mtu jina, wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kitokacho Ulaya. Msomaji wa Kiswahili atalisikia neno Ulaya humo ndani bila kufasiriwa. Twalitaja jambo hili kwa kuwa lina ajabu yake. Mtu huyu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyepeleka Injili mahali ambapo hapakuwa na Mzungu wa kumwongoza wala wa kumlinda, na muda wote aliokaa huko kazi ilifanywa na Waafrika.

Alikuwa ameoa, lakini mkewe alifariki kabla ya yeye kubatizwa, wala hakuoa tena. Wako watu wanaomsifu kwa hilo kama kwamba ndilo lililomfanya kuwa mtakatifu. Sisi hatusemi hivyo. Walimu wetu wengi wana wake na watoto, na nyumba zao zimekuwa msaada mkubwa wa kazi. Twasema tu kwamba mtu huyu hakuwa na mtoto wa kumlilia mlangoni alipochukua fimbo yake na kuondoka.

Siku zile kanisa la Buganda lilikuwa na moto mpya. Mwaka 1893 palitokea uamsho, na George Pilkington, ambaye alikuwa akiitafsiri Biblia kwa Kiganda, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Baada ya hapo walimu wengi walitumwa vijijini, wakajengewa nyumba ndogo za kusomea kwa matete na majani. Mtu aliyeacha dini za zamani aliitwa msomaji, kwa kuwa kitabu na imani vilikwenda pamoja. Na jambo moja walimu wetu walisikie vizuri: walimu wale hawakulipwa kwa fedha za Uingereza. Kanisa lao wenyewe ndilo lililowatuma, nalo liliwapa kidogo lililokuwa nacho. Nguo mbili, simbi chache za kununulia chumvi, basi. Chakula kilitazamiwa kutoka kwa wale waliofundishwa.

Mwaka 1895 Apolo alitumwa Toro, upande wa magharibi. Omukama wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka uliofuata akaitwa Daudi, na nchi yake ikapokea walimu kwa furaha. Ukisimama Kabarole, penye mji ulioitwa baadaye Fort Portal, siku isiyo na mawingu waiona milima ya Ruwenzori, yenye theluji vileleni ijapokuwa iko karibu na ikweta. Kilele kirefu chapita mita 5,100. Njia ya kwenda Mboga hupita upande wa kaskazini wa milima hiyo, kisha hushuka katika bonde la Semliki, nchi ya joto na nyasi ndefu, ambayo wakati ule ilikuwa na simba wengi. Mto wenyewe hutoka katika ziwa Edward ukaingia katika ziwa Albert. Ukiisha kuvuka, nchi hupanda tena, na huko juu ndiko Mboga, mahali pa malisho ya ng'ombe. Wenyeji ni Wahema, wafugaji, ambao lugha yao ni jamaa ya lugha ya Watoro na Wanyoro. Nyuma yao, kuelekea machweo ya jua, huanza msitu mkubwa wa Ituri.

Je, Mboga ilikuwa nchi ya nani? Watawala wa Toro waliihesabu kuwa yao. Lakini tangu mwaka 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa na dola yake ya Kongo, na mpaka baina ya dola hiyo na nchi ya Waingereza ulikuwa mstari katika karatasi. Mchunga ng'ombe wa Mboga hakuweza kuuona po pote. Mtawala aliyeonekana ni mtemi Tabaro.

Walimu wa kwanza waliofika kwake walikuwa Waganda wawili, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Tabaro aliwapokea, lakini alipoona kwamba mafundisho yao yanagusa pombe yake, na wake zake, na matambiko ya mizimu, alichukizwa. Hakuwapiga. Alifanya jambo jepesi zaidi, akakataza watu wasiwape chakula. Wale walimu walivumilia kadiri walivyoweza, halafu njaa ikawashinda, wakarudi Toro. Wako watu wepesi wa kuwadharau wawili hao wakiwapima na Apolo. Wenye kudharau hawajafundisha siku tatu tumbo likiwa tupu. Wale ndio walioivunja njia, na habari walizorudi nazo ndizo zilizomfundisha Apolo namna ya kwenda.

Maana aliposikia mambo ya Mboga aliomba kwenda huko, na kabla ya kwenda alinunua jembe. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mwaka 1896. Mithali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu alifika nalo siku ya kwanza. Tabaro alipotoa amri ileile ya kwanza, kwamba mgeni asilishwe, mgeni akaenda kulima.

Twaomba msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa kuwa katika vitabu vingi hupitwa upesi ili mtu afike kwenye mapigo na gereza. Jembe halimshibishi mtu siku hiyohiyo. Viazi vyataka miezi, na palizi, na kungoja mvua. Lakini mtu anayelima amekwisha kuonyesha kwamba hataondoka kesho. Watu wakimwona mgeni ameinama shambani jua kali, wanaweza kumchukia, lakini hawawezi kumwita mwombaji, wala mtemi hana tena kamba ya kumfunga nayo. Tena, wale waliokuja kusoma kwake hawakuja kwa sababu ya kulipa deni wala kwa kutaka zawadi, maana hakuwa na kitu cha kuwapa ila herufi na habari za Yesu. Hivyo kanisa la Mboga tangu siku yake ya kwanza halikujua kulishwa kutoka ng'ambo. Twafikiri kwamba hapo ndipo lilipopata mifupa yake.

Wakaanza kuja mmoja mmoja, vijana zaidi kuliko wazee, kama ilivyo kawaida. Wengine walizileta hirizi zao zichomwe. Jambo hili likamkasirisha Tabaro kuliko lile la kwanza, kwa kuwa mtemi ndiye mwenye kuitunza mizimu ya nchi, na mtu anayechoma hirizi ni kama amekata mguu mmoja wa kiti chake. Apolo akapigwa, na nyumba yake ikateketezwa. Huko Mboga husimuliwa kwamba mara moja alipigwa hata akaachwa katika majani kama mfu, na mwanamke mmoja akamwona akamficha, akamwuguza mpaka akapona. Jina la mwanamke huyo hatukulikuta tuliposoma, nasi twasikitika, maana bila yeye hadithi hii ingekomea hapo.

Kisha likatokea jambo baya kuliko mapigo. Watu walikuwa wakikusanya vifaa vya kujengea, na mkuki ulikuwa umeachwa katika majani marefu. Dada yake Tabaro akapita, asiuone, akauangukia, akafa. Hapana mtu aliyemkusudia mabaya. Lakini fikiri jinsi jambo hilo lilivyoonekana katika nchi ile. Mgeni amekuja, ameidharau mizimu, na sasa ndugu wa mtemi amekufa mahali mgeni anapojenga. Tabaro alikuwa na msiba wa kweli, na hasira yake safari hii haikuwa ya ulevi wala ya kiburi. Apolo akafungwa kamba, akashitakiwa kwa kuua, akapelekwa mpaka Toro kwa Kapteni Sitwell, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa ngome, naye akamtia gerezani.

Hapo ndipo kazi yote ilipokaribia kufa. Wasomaji wa Mboga walikuwa wachache, wachanga, hawana kasisi, na sasa wamemwona mwalimu wao akiondolewa kama mwuaji. Adui zao walikuwa na hoja nzuri mno. Na Apolo mwenyewe alivunjika moyo. Twaliandika neno hili bila haya, kwa kuwa yeye hakulificha. Aliona kwamba kazi imemshinda, akaogopa, akawaza kutorudi tena. Katika hali hiyo, kama alivyosimulia mpaka uzeeni, alimwona Kristo amesimama karibu naye, anang'aa kama jua, akimwambia awe hodari kwa kuwa yu pamoja naye. Hakulieleza zaidi ya hapo, wala sisi hatuna ruhusa ya kulipamba. Lakini waliomjua kabla na baada walisema kwamba tangu wakati ule alihubiri kama mtu mwingine.

Kesi ilipochunguzwa hakuonekana na hatia, akafunguliwa. Sasa alikuwa Toro, kati ya rafiki, katika nchi yenye mfalme Mkristo. Hapana ambaye angemlaumu kama angekaa. Lakini akashuka tena bondeni, akavuka Semliki, akarudi kwa watu waliomshitaki.

Tabaro alipomwona amerudi alianza kugeuka. Hakugeuka kwa siku moja. Mtu aliyeua kwa njaa wageni wawili hata wakakimbia, na kumpiga wa tatu, na kumpeleka kwa serikali ya Wazungu ili ahukumiwe, ana mengi ya kuyameza kabla ya kukaa chini na kujifunza a, e, i. Lakini alijifunza. Mwishoni alibatizwa, naye akapewa jina la Paulo. Basi Paulo na Apolo walikaa katika mji mmoja, na kila mwalimu aliyesoma nyaraka kwa Wakorintho anajua majina hayo mawili yamewahi kuwekwa pamoja mahali gani.

Miaka iliyofuata twaipitia upesi. Apolo aliitwa tena Toro, akafanya kazi huko muda mrefu, kwa kuwa wenye kazi walikuwa wachache na mitaa mingi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitembea nchi ile yote kwa miguu, milimani na kando ya maziwa, akifungua nyumba za kusomea na kuziacha mikononi mwa wengine. Kwa mtu mwingine hayo yangetosha kuwa maisha kamili. Lakini wakati ule wote Mboga ilikuwa bila kasisi, ikibakia na walimu wake. Waliendelea kusoma, kupiga ngoma ya sala, kufundishana. Hawakuzimika. Sisi twawasifu hao kuliko tunavyoweza kueleza, kwa sababu mgeni mwenye bidii huonekana na kuandikwa, lakini mwenyeji anayefungua mlango wa kanisa kila Jumapili bila kasisi haandikwi na mtu.

Tena mpaka, ule uliokuwa karatasini, ukawekwa juu ya nchi yenyewe. Dola ya Leopold ilikuwa imekuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, na katika mapatano ya Waingereza na Wabelgiji Mboga iliangukia upande wa Kongo. Kanisa lile changa sasa lilikuwa katika nchi ya kigeni kweli, chini ya serikali iliyopendelea misheni za Kikatoliki, na askofu wake alikuwa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Lilikuwa kanisa pekee la Kianglikana katika Kongo yote. Mtu mwenye busara ya dunia angesema waachiwe wengine. Apolo aliomba arudishwe. Alirudi yapata mwaka 1915, umri wake ukipata miaka hamsini, na tangu hapo Mboga ikawa kwao mpaka kufa.

Wale vijana wa kwanza sasa walikuwa watu wazima wenye watoto. Akajenga, akapanda miti ya matunda na mimea ya chakula, akajaza nyumba yake watoto wa watu. Mwenyewe hakujiwekea kitu. Kisha macho yake yakageukia msituni.

Katika msitu wa Ituri wamo Wambuti, watu wafupi, ambao zamani Waswahili wa pwani waliwaita mbilikimo. Huwinda kwa nyavu na kwa upinde, hufuata asali, hulala katika vibanda vya majani ambavyo wanawake hujenga kwa muda mfupi, na mawindo yakipungua huhama. Nyama na asali hupeleka kwa wakulima wa kando ya msitu, wakapata ndizi na chuma. Lakini wakulima wale wakati ule waliwahesabu Wambuti kuwa kama mali yao, kila mwenye kijiji na watu wake wa msituni. Mwalimu aliyetaka kuwafundisha angaliweza kuwangojea kijijini, na wangefika wakiwa nyuma ya mabwana zao. Apolo, kuanzia mwaka 1921, aliingia kuwatafuta walipo.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa namna nyingine kabisa. Shule hujengwa, wanafunzi wamehama. Mwalimu amejifunza salamu, na kumbe watu wa upande wa pili wa mto wasema vingine. Lakini Wambuti hawakumcheka wala hawakumpiga, walimsikiliza. Mmoja mmoja walibatizwa, na Apolo, mzee sasa, aliifanyia kazi tafsiri ya Injili ya Marko katika lugha yao. Mwingereza Albert Lloyd, mmisionari aliyefanya kazi naye Toro, aliandika habari zake katika vitabu vilivyosomwa sana Uingereza. Cha kwanza kilitoka mwaka 1923, Apolo mwenyewe angali hai. Hivyo jina lake lilijulikana katika miji ya ng'ambo kabla halijajulikana kwetu. Vitabu hivyo vina mapenzi mengi, lakini vinamfanya Apolo kuwa peke yake mno katika giza la msitu. Hakuwa peke yake. Alikuwa na walimu wa Mboga, wana wa wale waliomnyima chakula, nao walibeba mizigo na vitabu pamoja naye.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa mtu ambaye parokia yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Akaipokea, akarudi Mboga.

Mwaka 1933 moyo wake ulikuwa umechoka. Alipelekwa hospitali huko Mengo, na waganga walipoona kwamba hawana la kumfanyia, aliomba jambo moja, arudishwe Mboga afie huko. Buganda ilikuwa kwao. Jamaa zake walikuwa huko, na makaburi ya baba zake, na kanisa kubwa ambalo yeye alikuwa kanoni wake. Hakutaka. Akasafirishwa njia ile ndefu, akiwa mgonjwa, mpaka ng'ambo ya Semliki. Alifariki tarehe 30 Mei, 1933.

Kabla ya kufa aliagiza kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu. Haikuwa desturi. Lakini aliwaeleza sababu, kwamba kazi bado iko upande ule, na kaburi lake liwaonyeshe njia. Wakamzika hivyo.

Kwa miaka mingi baada yake haikuwezekana kwenda mbali kwa upande ule, kwa kuwa misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana nchi, na Waanglikana walibaki Mboga na kando kando yake. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakristo wa Mboga waliohamia mijini kwa kazi na biashara walianza kukusanyika huko walikokwenda, kisha wakaomba walimu. Mwaka 1972 ilifanywa dayosisi, na askofu wake wa kwanza alikuwa Philip Ridsdale. Mwaka 1992 likawa jimbo zima, na Patrice Byankya Njojo akawa askofu mkuu. Wazee wa Mboga walikuwa wamesali kwa Kinyoro, lugha ya vitabu vya Apolo, na baadhi yao hawakupenda kuiacha. Lakini kanisa lilipoenea, sala ziliingia katika Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi. Kwa hiyo msomaji wetu akifika leo katika mitaa yao mingi atafuata ibada bila mkalimani.

Tarehe 30 Mei imewekwa katika kalenda ya Kanisa la Uingereza kuwa siku ya kumkumbuka. Usiku uliofuata siku hiyo katika mwaka 2021, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua makumi ya watu, na wengi wengine wakaacha nyumba na mashamba yao wakakimbia. Ndiyo maana mitaa kadha hulitaja jina la Boga katika sala za Jumapili, nasi tumeandika habari hizi ili wale waitikiao wajue wanawaombea watu gani.